Pete Nyekundu, Mguu wa Kulia

Wifi yangu hasahau. Watu husema hivyo kuhusu ndugu zao kwa kuwasifu. Mimi nasema kwa kukuonya. Mwaka nilioolewa niliazima sufuria yake, nikairudisha ikiwa na alama ya kuungua, na mpaka leo akiingia jikoni kwangu hugeuza sufuria mojamoja akazitazama matako kabla hajaomba hata maji ya kunywa. Kwa hiyo siku aliponiambia amejiunga na chama cha watu wanaopiga picha ndege wa porini, sikumuuliza anapenda ndege gani.

"Nani amekukosea?" niliuliza.

"Daktari," alisema, akaendelea kukunja shuka. "Ndiye mwenyekiti wao."

Sikuhitaji kuuliza daktari yupi. Nyumbani kwetu daktari ni mmoja tu, na hatajwi wakati wa kula.

Wifi alikuwa fundi wa eksirei kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na chumba chake mwisho wa korido, mlango mzito unaofungwa kwa bega, aproni ya madini ya risasi iliyomlemaza shingo, na kioo kidogo cha kumchungulia mgonjwa. Nusu ya mji huu amewaambia "vuta pumzi, shikilia, usipumue", na nusu hiyo wakikutana naye sokoni hujikuta wamekaza kifua. Kila filamu aliiwekea herufi ya risasi ya kuonyesha upande wa kulia. Aliweka hata kwenye picha ya fuvu, hata pale ambapo hakuna ambaye angeuliza. Nimewahi kumwona akipanga viatu vya wageni mlangoni, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Mtu wa namna hiyo hakosei upande.

Ikatokea mzee mmoja, mshonaji, akaletwa apigwe picha ya magoti. Magoti yote mawili kwenye filamu moja, la kulia limeharibika, la kushoto zima. Daktari aliipachika filamu kwenye sanduku la taa kinyumenyume, akaisoma haraka, akaenda kumpasua mzee goti zima. Siku ya kikao cha kuchunguza kosa hilo filamu haikuwa kwenye bahasha yake. Hakuna aliyejua ilikwenda wapi, na daktari ndiye aliyesikitika kuliko wote. Alisimama pale na koti lake jeupe, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Fundi aliweka alama upande usio sahihi. Ni binadamu, tumsamehe."

Wakamsamehe. Hilo ndilo lililomkaa wifi yangu kooni kama mwiba wa samaki. Angefukuzwa angepiga kelele, angetafuta wakili, angelala mlangoni kwa mkurugenzi. Lakini utapigaje kelele mtu umesamehewa? Walimhamishia masjala, akawa wa kutoa mafaili ya wagonjwa kupitia kidirisha. Na kila mwezi yule mshonaji alikuja na fimbo yake kuchukua faili la kliniki. Akimkuta Wifi dirishani, alisogea pembeni akangoja mwenzake arudi, hata kama ni saa nzima. Hakumtukana. Alimpa mgongo tu, akasimama kwa mguu mmoja na nusu akitazama ukuta.

"Daktari simwezi," Wifi aliniambia siku moja. "Filamu haipo, nitamshika na nini? Lakini yule mzee anaamini ni mimi, wifi. Nataka ajue. Na nataka Daktari asimame mbele za watu wanaomheshimu, aone utamu wake."

Basi akachukua kamera kuukuu ya mume wangu, ile aliyokuwa akipigia picha za pasipoti kabla simu hazijamuua njaa, akaenda.

Chama chenyewe kilikuwa na watu kama ishirini, na Jumamosi yao ilianza alfajiri kwenye mabwawa ya majitaka ya mji. Ndiyo, majitaka. Mimi nilidhani wapenda ndege hukaa kwenye bustani zenye maua. Kumbe ndege wa maana wanapenda panaponuka. Watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu zao, wamelala kifudifudi kwenye tuta, wamevaa vizibao vyenye mifuko kumi na minne, na hakuna anayeziba pua kwa sababu kuziba pua ni ushamba. Katibu wao alikuwa mama mwenye duka la miwani, ambaye aliandika kila ndege kwenye daftari kubwa. Mchapaji wao alikuwa mtu wa makamo waliyemwita Wino, mwenye kibanda cha kuchapa picha nyuma ya posta, mpole, anayeomba radhi hata akipigwa kikumbo yeye.

Na mbele yao wote, Daktari, na lenzi ndefu kama bomba la jiko.

Wifi alikuwa amejiandaa kwa lolote siku ile ya kwanza. Alijiandaa kukataliwa, alijiandaa kutazamwa kwa jicho la pembe. Daktari alimpa mkono, akatabasamu. "Karibu sana, dada. Umewahi kushika kamera?"

Hakumjua. Miaka kumi na minane jengo moja, mtu amekuharibia maisha kwa sentensi mbili, halafu hakujui sura. Wifi alirudi nyumbani akaosha vyombo vyangu vyote, hata visafi. Nikajua sasa Daktari amekwisha.

Lakini sitadanganya, ndege walimpata. Alikwenda kuwinda mtu akajikuta ameshikwa na sululu, wale ndege wa tope wenye midomo mirefu iliyopinda. Alijifunza kuwangoja, na hapo hakuna aliyemshinda, maana kazi yake yote ilikuwa kumngoja kiumbe atulie. Akilenga alinong'ona bila kujijua, "vuta pumzi, shikilia," na wenzake wakacheka mpaka wakambandika jina, Mama Shikilia. Picha zake zilikuwa kali kila unyoya. Mume wangu alizitazama, akasema, "Dada, na mimi niliyekuwa fundi wa pasipoti, mbona watu wangu wote walifumba macho?"

Katika chama kile kulikuwa na sheria moja ambayo Wifi aliipenda kuliko sala. Baadhi ya sululu wanaofika kwenye mabwawa wana pete za rangi miguuni. Kuna watafiti huko wanakozaliana ambao huwakamata, wakawavisha, wakawaachia. Rangi ya pete na mguu uliovikwa ndiyo anwani ya ndege. Wale wanaofika kwetu huwa na pete nyekundu mguu wa kulia, nyeupe mguu wa kushoto. Katibu huandika, halafu huwapelekea watafiti barua. Kwa hiyo mwanachama anaruhusiwa kuikata picha, kuing'arisha, kuifanya apendavyo, ila haruhusiwi kuigeuza kama sura ya kwenye kioo. Ukiigeuza, pete zinabadilishana miguu, na umebuni ndege ambaye hayupo.

Daktari alikuwa na ugonjwa wake. Alitaka ndege wake wote watazame kulia. Ofisini kwake walikuwa wametundikwa kumi na wawili, wote wamegeukia dirisha kama abiria wanaongoja basi. Na Jumamosi moja, Wifi akiwa hatua kumi tu kutoka kwake, sululu mwenye pete alitua juu ya jiwe jeupe, akainua bawa moja, akatazama kushoto. Wote wawili walimpiga picha.

Jioni ileile, saa kumi na mbili, Daktari aliwatumia wanachama picha yake kwenye kundi lao la simu. Sululu, jiwe, bawa. Anatazama kulia. Pete nyekundu mguu wa kushoto.

Nadhani hakuwa na nia ya kudanganya. Aliigeuza kwa mazoea, bila kukumbuka pete. Lakini Katibu aliziona, akapekua madaftari yake ya miaka kumi na mitano, akaandika kwa furaha kwamba mpangilio huo haujawahi kuonekana kwetu, huyu ni ndege wa watafiti wengine kabisa, wa mbali mno. Pongezi zikamiminika. Hapo Daktari alikuwa na nafasi ya kusema "samahani, niligeuza". Alijibu, "Ni bahati tu, ndugu zangu."

Wifi alinionyesha simu huku amekaa kwenye kiti changu cha jikoni. Upande mmoja picha yake, upande mwingine ya Daktari. Sijawahi kumwona amependeza vile.

"Waambie basi," nikasema.

"Sasa hivi? Akianguka kutoka kwenye kigoda ataumia nini? Mwache apande."

Akamwacha apande. Miezi minne. Barua ikaandikwa kwa watafiti. Gazeti likamhoji. Chama kikaamua kufanya maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, na picha ile ikachapwa na Wino kwa ukubwa wa mlango. Wifi alitoa mchango wa viti, alimpongeza Daktari kwa mkono, alimwambia, "Hongera, mwenyekiti, umetutoa kimasomaso." Mimi nilimwogopa kidogo wakati ule. Nilimpenda pia. Nilikuwa nalala nikiwaza siku ile itakavyokuwa, nikicheka peke yangu mpaka mume wangu akageukia ukutani.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa wanachama, jamaa zao, na wageni kutoka hospitali, hata mkurugenzi mwenyewe. Sisi tulikaa mstari wa pili. Daktari alisimama mbele ya sululu wake akaeleza jinsi alivyolala kwenye tope saa tatu. Alipouliza kama kuna maswali, Wifi alinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa pembeni yako asubuhi ile. Nina picha ya ndege huyohuyo. Naomba niionyeshe."

Alikuwa ameichapisha mji mwingine, ukubwa wa sinia. Akaiweka kwenye kiti chini ya ile kubwa. Jiwe lilelile, bawa lilelile, hata ule ufa kwenye jiwe, ila wa Wifi anatazama kushoto na pete nyekundu ipo mguu wa kulia. Alirudi kukaa, na ndivyo alivyokuwa amepanga, akae na kufaidi.

Katibu alivua miwani, akaivaa tena, akasogea. Minong'ono ikaanza nyuma. Daktari alizitazama picha zile mbili, kisha akatazama ukumbini, na nikaona macho yake yakitafuta mtu. Yakampata Wino, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika kitambaa cha kufutia vioo.

"Naona kuna hitilafu ndogo," Daktari alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Fundi wetu aliigeuza wakati wa kuchapa. Ni binadamu, tumsamehe."

Watu wakashusha pumzi. Mtu mmoja akacheka kidogo, mwingine akasema, "Aa, Wino jamani." Wino alikikunja kitambaa chake. Kibanda chake kiliishi kwa kazi za chama kile. Alianza kutikisa kichwa kukubali, polepole, yule mtu wa kuomba radhi kwa kila jambo.

Nilimgeukia Wifi. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. Alikuwa amejiandaa kwa Daktari kukana, kukasirika, kutoka ukumbini. Hakuwa amejiandaa kuyasikia maneno yale tena, neno kwa neno, yakimwangukia mwingine. Alisimama, nikamshika mkono, akaunyofoa.

"Toeni simu zenu," alisema.

Watu wakatazamana.

"Wanachama wote, toeni simu. Fungueni kundi letu. Rudini nyuma miezi minne, Jumamosi tarehe saba, saa kumi na mbili jioni. Mwenyekiti mwenyewe alitutumia picha. Tazameni miguu."

Ukasikika mlio mdogo wa vidole vikipandisha na kushusha. Watu ishirini wameinamia viganja vyao. Uliendelea muda mrefu, maana kundi lile lina maneno mengi. Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Mhm." Halafu mwingine. Halafu Katibu, ambaye hakuinua kichwa.

"Wino," Wifi akasema, "wewe uliletewa lini picha ya kuchapa?"

"Mwezi uliofuata, mama," Wino akajibu. "Ilikuja hivyohivyo."

"Mwenyekiti," Katibu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa, "umeniacha nimewaandikia wale watu barua?"

Daktari alinyoosha mikono. "Jamani, tusikuze mambo. Ndege ni yuleyule."

"Ndiyo," Wifi akasema. "Na magoti nayo yalikuwa yaleyale."

Hapo ndipo Daktari alipomtazama. Kwa mara ya kwanza, naapa, alimtazama wifi yangu usoni kama mtu anayesoma.

"Mimi ni fundi wa eksirei," Wifi alisema. "Ulinisamehe miaka mitatu iliyopita. Leo nimekuja kurudisha msamaha wako."

Wengi hawakuelewa. Mkurugenzi wa hospitali alielewa. Alianza kusoma ratiba ya maonyesho kwa bidii, pande zote mbili. Daktari alimimina maji kwenye glasi, yakapita, yakamwagika mezani, akaendelea kumimina. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Baadaye aliokota koti lake, akapita katikati yetu, na Wino ndiye aliyemfungulia mlango, maskini, kwa mazoea.

Nitasema kweli: ilikuwa tamu. Nisikie mtu akiniambia kisasi ni kichungu, nitamuuliza alikionja wapi. Wiki ile Wifi alikula kwa watu wawili. Daktari alijiuzulu uenyekiti kwa ujumbe wa mistari miwili. Wanachama walimwomba Wifi awe makamu, naye akakubali, akadai kwanza Wino aombwe radhi kwa barua, na barua ikaandikwa. Hospitalini hakuna kilichobadilika. Mkurugenzi alianza kumwamkia kwa heshima nyingi akipita dirishani, lakini Wifi akabaki palepale dirishani.

"Si kitu," aliniambia. "Bado mmoja."

Akanichukua tukaenda wote kwa mshonaji. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ya miguu ilikuwa kona, imefunikwa shuka na juu yake wamepanga majora. Yeye alikuwa mezani, anazungusha cherehani ya mkono, mguu ameunyoosha juu ya stuli. Alipomwona Wifi alisimamisha gurudumu. Wifi hakungoja kukaribishwa, maana alijua hatakaribishwa. Alimwekea picha zote mbili juu ya sketi aliyokuwa akiishona, akamweleza yote. Sanduku la taa, filamu iliyopotea, kikao, sululu, pete, maneno yaleyale aliyoambiwa Wino. Alieleza vizuri. Alipofika kwenye simu mimi mwenyewe nilisisimka upya.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alizichukua picha akazisogeza dirishani, akazilinganisha kama mtu anayelinganisha vipande viwili vya kitambaa.

"Kwa hiyo hukuwa wewe," alisema.

"Sikuwa mimi, baba."

"Nimekununia miaka mitatu."

"Najua, baba. Hukujua."

Wifi alianza kulia kwa furaha, akatafuta leso. Mzee akamrudishia picha zake.

"Na huyo bwana alimwaga maji?"

"Alimwaga meza nzima," nikadakia mimi.

"Watu wote wanamwona."

"Wote, hata mkurugenzi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Alilishusha goti lake kutoka kwenye stuli kwa mikono miwili, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala, akamgeukia wifi yangu.

"Ilikuwa Jumamosi?"

"Jumamosi, baba."

"Jumamosi nilikuwa hapahapa. Nilikuwa sina kazi. Maktaba si mbali, hata kwa fimbo ningefika." Akaokota uzi kwenye sketi. "Hukuja kunichukua."

Leso ilibaki mkononi. Nilimwona Wifi akitafuta jibu, na mimi nikimtafutia, maana ile miezi minne tulipanga kila kitu, viti, picha, hata nguo ya kuvaa, na hakuna hata siku moja ambayo mmoja wetu alilitaja jina la mzee huyu kwenye orodha ya wageni.

"Pole, baba," alisema mwishowe.

"Pole ya goti," mzee akauliza, "au pole ya Jumamosi?"

Mzee alingoja jibu kwa adabu, kisha akaivuta sketi, akainyoosha chini ya sindano, akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono. Tulikaa mpaka alipomaliza pindo lote, na hakutuambia tukae wala tuondoke.